Daftari Letu la Madeni

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Nimeshuhudia ndugu wa toka nitoke wakipitana njiani kama wasiojuana kwa sababu ya shilingi mia mbili. Nimeshuhudia majirani waliokuwa wakiazimana chumvi na kiberiti wakiacha hata kuamkiana kwa ajili ya deni la gunia moja la makaa. Ndiyo maana wazazi wengi, wanapowasindikiza wana wao chuoni, huwausia kwa sauti moja: ukitaka rafiki yako adumu, msipeane pesa.

Mimi naomba kutofautiana na wazazi hao, kwa heshima na taadhima. Kwa miaka minne niliishi chumba kimoja na rafiki ambaye tulikopeshana kila kitu isipokuwa mswaki. Shilingi zetu zilivuka kutoka kitanda hiki hadi kile mara nyingi kuliko sisi wenyewe tulivyovuka barabara kwenda darasani. Hadi leo sina rafiki mwingine kama yeye. Na kama kuna kitu kilichotuweka pamoja, basi ni daftari la kurasa 32, kama yale wanayonunuliwa watoto wa shule ya msingi, lenye jadweli ya kuzidisha kwenye jalada la nyuma.

Tulikutana Oktoba 1996, katika foleni ya kupewa vyumba. Sote tulikuwa tumefanya mtihani wa KCSE mwaka 1994, na kama ilivyokuwa kawaida miaka hiyo, tukakaa nyumbani karibu miaka miwili tukisubiri zamu yetu ya kuingia chuo kikuu. Mimi nilitoka Bungoma na sanduku la bati lenye jina la baba yangu kwa rangi nyeupe. Yeye alitoka Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita, na begi moja, ndoo, na mfuko wa maparachichi aliokuwa akiwagawia watu asiowajua katika foleni. Tukapewa chumba kimoja. Kwa kuwa hakuna aliyemwona mmoja wetu bila ya mwenzake, ingawa yeye ni mrefu mwembamba nami ni mfupi wa kujaa, wenzetu wakatubandika jina la Mapacha. Tukalichukua. Hata leo akinipigia simu huanza kwa kusema, "Pacha, hujambo?"

Jioni ile ya kwanza nilihitaji kufuli ya kabati, nami mfukoni nilikuwa sina kitu. Mwenzangu akanipa Sh60. Kabla sijasema asante akatoa lile daftari, akalisukuma mbele yangu pamoja na kalamu.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Tarehe, pesa ngapi, na umenunulia nini. Halafu utie sahihi."

Nilimtazama nikidhani ananifanyia mzaha. Mtu ametoka kugawa maparachichi bure kwa watu mia, sasa Sh60 anataka ziandikiwe hati! Lakini hakuwa akicheka. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa na duka kijijini, duka zuri la sukari, sabuni na mafuta ya taa, na kwamba lilikufa si kwa wizi wala moto, bali kwa mkopo wa mdomo. Watu walichukua vitu wakiahidi kulipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika, mwenye duka alikumbuka kilo tatu, mnunuzi akakumbuka kilo mbili, na kila mmoja akaondoka akimwona mwenzake mwongo.

"Hawakuwa waongo," akasema. "Kichwa husahau, Pacha. Na kila kichwa husahau upande wake."

Nikaandika.

Sheria za daftari zilikuwa tatu. Ya kwanza, anayekopa ndiye anayeandika, wala si anayekopesha. Ya pili, hakuna kudaiana mbele ya watu. Ya tatu, pesa za mkopo zikitoka, daftari hufunguliwa kabla ya mtu kwenda mjini. Mkopo ninaouzungumzia ni ule wa serikali. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1995, kwa hivyo sisi tulikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kukopa chini yake. Zama za mwanafunzi kula bure kantini zilikuwa zimekwisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sasa ulikula kadiri ya mfuko wako, na mifuko ya wengi wetu ilitoboka wiki kadhaa kabla ya muhula kwisha.

Basi daftari likajaa. Nusu mkate. Nauli ya kwenda mjini. Kopo la mafuta ya kupaka. Kuchapisha insha, kurasa kumi na mbili. Blauzi nyeupe, imeazimwa, itarudishwa ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Kuna ukurasa mmoja ambao hata leo nikiusoma hucheka peke yangu. Umeandikwa: "Mahindi ni ya Taita, maharagwe ni ya Bungoma, koili ni ya chumba cha kumi na nne." Kupika vyumbani kulikatazwa, lakini sikwambii ni wangapi waliokuwa na koili chini ya kitanda. Jioni hiyo githeri yetu ilikuwa karibu kuiva tuliposikia viatu vya msimamizi wa bweni vikija. Pacha akachomoa waya, akaitia sufuria kabatini na kuifunika kwa taulo. Mama yule akaingia, akasimama katikati ya chumba, akavuta pumzi kwa pua.

"Kuna mtu anachemsha maharagwe hapa."

"Hapana, mama. Ni nguo zilizonyeshewa," Pacha akajibu, uso mkavu kama wa hakimu.

Mama akalitazama kabati, na mvuke uliokuwa ukitoka kwenye upenyo wa mlango wake. "Haya," akasema akienda zake. "Nguo hizo zikiiva, mniitie." Saa moja baadaye alirudi na sahani yake. Tukampakulia.

Siku za raha ni nyingi, nazo hazina haja ya ushahidi. Urafiki hupimwa na siku za namna nyingine. Juni 1998 tukiwa mwaka wa pili, simu ilipigwa katika ofisi ya bweni. Baba yake Pacha alikuwa amefariki.

Jioni hiyo wenzetu wa ukumbi mzima walipita mlango kwa mlango wakichanga, mmoja Sh20, mwingine Sh50. Majina yaliandikwa, lakini kwenye karatasi ya pembeni. Pacha, katikati ya machozi yake, alinishika mkono nilipoligusa daftari. "Mchango wa matanga si deni," akasema. "Usiuchanganye."

Tulipanda garimoshi la saa moja usiku, daraja la tatu. Wasomaji waliozoea garimoshi la SGR lililoanza kazi mwaka 2017 huenda wasielewe safari hiyo. Lile la zamani lilichukua usiku kucha kufika Mombasa, likisimama Athi River, likisimama Mtito Andei, likisimama hata pale ambapo hukuona sababu ya kusimama. Tulikaa kwenye kiti kigumu, mama mmoja tusiyemjua akatupa viazi vitamu vya kuchemsha, na Pacha akalala begani mwangu tangu nyika za Tsavo hadi Voi. Tukashuka kukiwa bado giza. Kulipopambazuka tukapanda matatu kupitia Mwatate, barabara ikijizungusha mlimani kama nyoka, hadi tulipofika kwenye ukungu na baridi ambayo mtu wa Bungoma hakuitarajia katika mkoa wa Pwani.

Mama yake alinipokea mlangoni. "Karibu, mwanangu," akasema. "Wewe ndiwe yule wa daftari?"

Kwenye mazishi, kabla ya jeneza kuteremshwa, mzee wa ukoo alisimama akatoa tangazo ambalo wengi wetu tumelisikia makaburini. Anayemdai marehemu ajitokeze sasa, na anayedaiwa na marehemu ajitokeze pia. Walijitokeza watu wanne waliosema wanamdai. Mmoja alidai mbuzi, mwingine pesa za mabati. Halafu tukangoja wale wanaodaiwa. Kijiji kizima kilikuwa kimekula sukari ya duka lile. Hakuna aliyesimama. Nilimwona mama mjane akiwatazama watu wake, uso kwa uso, kisha akainamisha kichwa. Siku hiyo nilielewa kwa nini binti yake alitembea na kalamu.

Siku ya tatu Pacha alinisindikiza hadi stesheni ya Voi nipande garimoshi la kurudi. Tulikuwa tumeketi kwenye jukwaa nilipogundua kwamba hakubeba kitu.

"Begi lako liko wapi?"

"Nenda salama, Pacha," akasema. "Mimi nimebaki."

"Umebaki wapi?"

"Sokoni. Mama hawezi peke yake. Nina wadogo watatu shuleni. Nitanunua mboga hapa Wundanyi nipeleke Mombasa. Kabeji haiulizi digrii."

Nikamwambia mkopo wake ungelipa karo. Akasema karo ingelipwa, naam, lakini zile pesa za matumizi zilizobaki angezituma nyumbani zote, na mtu hawezi kusoma kwa njaa. Nikamwambia tutakula zangu, tutagawana nusu kwa nusu hadi tumalize. Hapo akanijibu kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

"Sitaki kulishwa. Nilishe mwaka mmoja uone kama tutaweza kutazamana tena. Wewe utakuwa mfadhili wangu, mimi nitakuwa maskini wako. Utanipenda, lakini hutanibishia tena. Mimi nitakushukuru, lakini sitakucheka tena. Huo si urafiki."

Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha nikafungua begi langu nikatoa daftari, maana nilikuwa nimesafiri nalo.

"Nani amesema utalishwa?" nikamwuliza. "Utaandika."

Hakujibu. Garimoshi likaja, nikapanda, likaniondoa. Lakini daftari nilimwachia mapajani.

Baada ya siku tisa mlango wa chumba chetu ulifunguliwa, akaingia na begi mkononi na gunia la kabeji mgongoni mwa kijana aliyemsaidia kubeba. Akaweka daftari mezani. Kwenye ukurasa mpya, kwa mwandiko wake, alikuwa ameandika: "Kuanzia leo, nusu ya chakula. Nitalipa."

Ndugu msomaji, nimefikiri sana juu ya neno hilo la mwisho. Sadaka humtazama mtu kwa hali yake ya leo. Deni humtazama kwa hali yake ya kesho. Unapompa mtu sadaka unamwambia, nimeona huna. Unapomkopesha na kumwachia kalamu aandike mwenyewe, unamwambia, najua utapata. Rafiki yangu hakuwa na kiburi, kama walivyodhani baadhi ya wenzetu. Alikuwa akilinda kitu ambacho njaa haiwezi kukilipia kikishapotea.

Tukaishi hivyo. Jumamosi tuliamkia Gikomba alfajiri, wakati wachuuzi wanapofungua robota za mitumba, tukachagua blauzi na sketi chache ambazo wenzetu bwenini wangezinunua. Siku moja mvua ilitukuta tukirudi, mzigo kichwani, na tope la Gikomba likabaki na kiatu changu cha kushoto. Niliingia chuoni na kiatu kimoja, Pacha akicheka hadi akakaa chini barabarani. Faida ilikuwa ndogo, lakini kila Jumamosi mstari mmoja au miwili ya daftari ilikatwa.

Tulikuwa Nairobi pia Ijumaa ya Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu na watu zaidi ya 200 wakafa jijini. Tuliusikia mshindo, kisha tukaona moshi. Mchana tulijiunga na umati uliojipanga kutoa damu, watu wa kila kabila na kila dini, wengine wakiwa bado na vumbi nguoni. Usiku Pacha alifungua daftari akaandika tarehe na neno "damu", akachora mstari mbele yake mahali ambapo kwa kawaida tuliandika kiasi. Hakuna aliyekopa siku hiyo, na hakuna atakayelipa.

Msidhani hatukugombana. Mwaka wa tatu tulinuniana wiki tatu nzima kwa jambo ambalo halikuhusu pesa, nalo nitaliacha huko huko. Hatukusalimiana. Lakini kila asubuhi nilikuta mwandiko wake mpya mezani: "Majani ya chai, vijiko viwili." Nami nikichukua sabuni yake nikaandika: "Sabuni, ya kufulia soksi." Siku ya ishirini na moja nikakuta ameandika: "Soksi gani hizo zisizokauka?" Nikacheka kwa sauti, naye alikuwa amejifunika shuka akijifanya amelala, akacheka pia. Ugomvi ukaishia hapo.

Tulihitimu Desemba 2000. Usiku wa kuamkia mahafali tulijumlisha. Nilikuwa nikimdai Sh13,450. Serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu wapya tangu 1998, kwa hivyo alitafuta kazi mwaka mzima kabla ya kupata nafasi katika shule moja ya kibinafsi huko Pwani. Januari 2002 nikapokea mani oda ya posta ya Sh500. Februari, Sh500. Sikumwandikia kumkumbusha hata mara moja, na haikupita hata mwezi mmoja bila mani oda. Mwezi wa 27, Machi 2004, zilikuja Sh450 na barua ya mstari mmoja: "Sasa mdogo wangu wa mwisho ameingia kidato cha nne, na wewe hunidai."

Nilidhani habari za daftari zimekwisha. Kumbe la! Mwaka 2009 kampuni niliyofanyia kazi ilifunga milango bila hata notisi ya mwezi. Nilikuwa na watoto wawili na kodi ya nyumba. Ndugu zangu walinisaidia, Mungu awabariki, lakini kila msaada ulikuja na ushauri, na kila ushauri ulinipunguza kimo. Sikuwa nimemwambia Pacha. Aliambiwa na mtu. Usiku mmoja simu yangu ililia: Sh20,000 zimeingia kwa M-Pesa, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Ukafuata ujumbe wake wenye neno moja: "Andika."

Nililia. Kisha nikafungua lile sanduku la bati, nikatafuta daftari, nikaandika kwa mkono wangu tarehe, kiasi, na "kodi ya nyumba na karo". Nikatia sahihi. Nawaambia kweli, tangu nipoteze kazi huo ndio usiku wa kwanza niliolala kama mtu mzima anayetarajiwa kuamka na kulipa. Nililipa kwa miezi kumi na minne.

Wanafunzi wa leo watasema daftari limepitwa na wakati, kwa kuwa simu huandika kila kitu. Ni kweli, simu huandika pesa zimetoka kwa nani, zimekwenda kwa nani, saa ngapi. Lakini haiandiki kama ni zawadi, mchango au deni. Mmoja anatuma akijua amekopesha, mwingine anapokea akijua amesaidiwa, na wote wawili wana ujumbe ule ule mfukoni. Baada ya miezi sita kila kichwa kimesahau upande wake.

Kwa hivyo, enyi wazazi, msiwaambie watoto wenu wasikopeshane. Watakopeshana tu, maana njaa ya chuoni haisikii wosia. Waambieni wazungumze kabla pesa hazijatoka. Zawadi iitwe zawadi, isikumbushwe kamwe. Mchango uitwe mchango, uandikwe pembeni. Na deni liitwe deni, aliandike yule anayekopa, kwa mkono wake mwenyewe.